Viatu vya Zuhura, Mombasa hadi Dagoretti

Nilikwenda Nairobi kwa sababu ya barua ya shemeji yangu Athmani, karani wa duka la vitambaa katikati ya mji ule. Aliandika kwamba Dagoretti, nje kidogo, pana makao ya watoto waliopooza miguu: hulala hapo, hutibiwa, huvishwa vyuma na kusomeshwa. Binti yetu Zuhura alikuwa na miaka minane na hajaliona darasa. Polio ilimwachia mguu wa kushoto mwembamba, mfupi kuliko mwenzake. Popote alipokwenda, tulimbeba.

Mke wangu Mwanaisha alikubali kwa shingo upande. "Uangalie wanawalisha nyama gani," akaniambia. "Na akilia, urudi naye."

Mimi ni fundi viatu. Zuhura alisafiri na viatu vyekundu nilivyomshonea sikukuu ya Idi, miezi tisa nyuma. Cha kushoto nilikijaza pamba mpaka miguu ikaonekana sawasawa. Akikaa kitini, hujui kama ana ila. Nilijivunia viatu vile, sitaficha.

Jioni tukapanda gari la moshi, daraja la tatu. Mama mmoja alivisifu viatu, nami nikajifanya sikusikia ili avisifu tena. Alfajiri, kwenye mbuga za Athi, baridi ikaingia dirishani na Zuhura akaona punda milia. "Baba, mbona punda wa huku wamevaa fulana za mpira?" Gari zima likacheka.

Stesheni ya Nairobi Athmani alitupokea akiwa na koti la mtoto, jambo ambalo mimi sikulifikiria. Tulilala kwake.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulipanda basi. Njiani, kwenye mtaa wa matajiri wa Hurlingham, niliona nyumba zilizojificha nyuma ya nyua za maua, bila mtu barazani. Nikajiuliza wenyewe huamkiana wapi. Dagoretti ni udongo mwekundu, soko, na ng'ombe wakiswagwa kwenda machinjioni. Kutoka kituoni nilimbeba Zuhura mgongoni.

Langoni alitoka mlezi wa watoto, Bi Wanjiru, mwanamke mnene wa sauti ya chini. "Karibuni. Baba, hapa hatubebi mtoto. Weka yeye chini."

"Chini pana vumbi, Bi Wanjiru."

"Vumbi inafuliwa."

Nikamweka. Zuhura akatambaa mpaka barazani, watoto wenye magongo wakimtazama bila kushangaa. Nikakumbuka sharti la nyama, nikauliza. "Inatoka hapo tu machinjioni," Bi Wanjiru akanijibu. "Wenye kuchinja ni Waislamu wenzako."

Kisha tukaingia karakana, kwa fundi Kamau. Alikuwa na buti jeusi la kujaribia, soli yake unene wa vidole vitatu, na vyuma viwili vya kupanda hadi pajani. Nilikasirika. "Hiki si kiatu, Bwana Kamau. Hili tofali."

Kamau akachuchumaa. Alimvua Zuhura kiatu chekundu, akatoa pamba, akakigeuza. "Mzee, kazi yako ni safi. Mimi siwezi kushona namna hii. Lakini mtoto ametembea na hii kiatu wapi? Penseli yako bado iko."

Nikaangalia. Ncha ilikuwa imechubuka kwa kuburuzwa, lakini katikati ya soli ilikuwapo namba niliyoiandika kwa penseli siku ya kuikata, haijafutika. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Miezi tisa nimeshonea macho ya watu, si mguu wa mwanangu. Niliona haya mbele ya fundi mwenzangu.

Wakamvisha buti, wakamsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Akapiga hatua mbili, akaanguka. Akasimama, akaanguka tena, na mara hii akalia. Sharti la mama yake likanijia, nikainama nimnyanyue.

"Niache, Baba," akasema huku machozi yanamtoka. "Sijafika."

Nikarudi Mombasa peke yangu, viatu vyekundu mkobani.

"Alilia?" Mwanaisha akauliza.

"Alilia."

"Na ukamwacha." Siku mbili hakusema nami, wala sikumlaumu.

Baada ya miezi mitatu, siku ya wazazi kuwatembelea watoto, nilipanda tena gari la moshi kwenda Dagoretti. Nikiwa langoni nilisikia vyuma barazani kabla sijamwona mtu. Akaja kwa magongo, daftari zake kwenye mfuko aliouvaa shingoni. Alinifikia mwenyewe, akaniamkia. Kisha nikainama kulitazama buti: soli imelika, mbele imetoboka. "Hii kazi niachie mimi," nikamwambia Kamau, naye akanipisha mezani pake. Nilibandika mpya, ya zamani nikaitia mfukoni.

Nyumbani Mwanaisha alinipokea na swali lake lile lile. "Wanamlisha nini mwanangu?"

"Soli," nikasema, nikamkabidhi. "Hiyo kaila kwa miezi mitatu."

Aliiweka mapajani, kidole kikizunguka pale palipotoboka. Kisha akaniuliza kama ngozi iliyobaki dukani inatosha soli nyingine mbili.