Ngamia wa Mama Darmi

Maji yanapomwagwa kwenye vibaraza vya Al Sadd, huku Uarabuni ninakofanya kazi, wakati wa joto, vumbi hutoa harufu inayonirudisha Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kwenye laini za polisi tulikoishi nikiwa darasa la nne. Baba alikuwa sajini. Kila alipozoea kituo alihamishwa, na kila mara kaskazini zaidi, mpaka tukafika mahali ambapo nyumba zetu za mabati zilitazamana na uwanda wa mawe meusi, na upepo uligonga mabati kutwa. Sisi ni Wabukusu, watu wa mvua na mahindi. Mama alilia siku za mwanzo, kisha akazoea kwa sababu ya Mama Darmi, mjane wa Kigabra aliyetuletea maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi. Alipenda kumtania Mama. “Wewe nakunywa maziwa ya ng’ombe tu,” alisema, “ndiyo nalia ovyo.”

Asubuhi moja alikuja bila maziwa. Wezi walikuwa wamewaswaga ngamia wake kutoka malishoni, na wanawe wawili walikuwa wakikusanya vijana wafuate nyayo na kulipiza. Baba alijua kwamba damu, kama maji, ikimwagika haizoleki. Aliuliza upesi, kama alivyofunzwa, “Mama, ni ngamia wangapi?” Mama Darmi akafunga leso yake upya. Baba akauliza tena. Mama yule akasimama, akakung’uta leso yake. “Afande, wewe nataka wale wamebaki pia wakufe?” Akaenda zake.

Mama alikuwa akifua mlangoni. “Baba Naliaka,” alisema bila kuinua kichwa, “mama yako aliwahi kukuambia ana watoto wangapi?” Baba akakuna shingo. Nyanya hakuwahi kusema; aliyemuuliza alijibiwa, “Wapo wa kunizika.” Kwao na kwetu pia, kumtaja kwa idadi aliye hai ni kumwitia kifo. Mwacha asili ni mtumwa, na Baba alikuwa ameiacha yake chuoni pamoja na nguo za kiraia.

Alivua kofia, akanipa sukari nibebe, tukaenda kwa Mama Darmi kwa miguu. Wanawe walikuwa wamefunga viatu tayari kwa safari. Baba aliketi chini na kusema, “Niambie walivyo, mmoja mmoja.” Mama Darmi akatazama mbali kwanza. Halafu akaanza: yule jike mwenye sikio lililopasuka, yule anayelia kama mtoto, yule mweupe anayetangulia wenzake kisimani. “Huyo si mweupe,” mwanawe mkubwa akadakia. “Macho yako nazeeka, Mama.” Wakabishana, wakacheka, na walipofika kwa ndama wa mwisho vijana wote wawili walikuwa wameketi. Baba alisoma sifa hizo kwenye redio. Askari wa kituo cha mbele alimjibu, “Sajini, hao ni ngamia au wakwe zako?” Lakini aliwatambua kisimani, wakarudishwa wote isipokuwa ndama yule wa mwisho. Wavulana hawakwenda popote.

Sasa mimi ni mlinzi katika jengo moja la West Bay. Hapa maji hayakatiki na hakuna anayelala na hofu ya wezi. Hata hivyo, kule kwenye mawe nilijulikana hata kwa kikohozi changu. Hapa msimamizi husimama mlangoni mwa basi la kazini alfajiri, akiuliza kwa Kiarabu, “Nafar kam?” yaani watu wangapi, na kidole chake hutupitia vichwani. Hesabu ikitimia, tunaondoka. Juzi ilitimia, kumbe Nakato, Mganda wa chumba chetu, alikuwa amerudi kuchukua kitambulisho, na msichana mgeni ameketi mahali pake. Nilikaa kimya mpaka tukafika getini. Kisha nikasema kwamba kuna mtu ameachwa. Msimamizi akauliza namba yake ya kazi. Sikuijua. Nikamwambia ni yule mrefu, anayecheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Akamwambia dereva ageuze basi.