Kitambaa cha Kisimani

Harufu ya mchanga uliolowa hunifikia kabla ya maji yenyewe. Kwangu ni harufu ya chini ya kisima, katika mto mkavu pembeni mwa Lodwar, mwaka ambao mbuzi wetu wote walikufa. Nilikuwa mtoto, meno ya utoto ya mbele yameng'oka juzi tu. Visima vya kule huchimbwa mchangani, kwenye mkondo, na anayeshuka mpaka chini ni msichana mwembamba, maana mtu mpana akigusa kuta zitamfukia. Wanawake hupokezana maji hadi juu wakiimba. Mwaka ule nilishuka mimi, na hakuna aliyeimba.

Maji hayakutosha hata kuchotwa kwa kiganja. Mama akararua pindo la shuka yake, akanirushia. Nikawa nakandamiza kitambaa mchangani, nangoja kifyonze unyevu, nakikamua kwenye bakuli. Juu, kivulini mwa mgunga, alilala mdogo wangu Nakiru, anaharisha siku ya tatu, macho yameingia ndani. Maji yale yalikuwa yake. Mama aliniambia neno moja tu: "Usionje. Ukionja hutaacha."

Nilionja. Nilitia kitambaa mdomoni pamoja na mchanga wake, nikakinyonya, nikakirudisha chini, nikakinyonya tena, na kweli sikuacha. Nilipopanda, bakuli lilikuwa na unyevu wa kupaka kidole. Mama akauliza maji yako wapi. Nikasema mchanga umeyanywa. Alinitazama sana usoni, lakini hakunipiga. Akapitisha kidole bakulini, akampaka Nakiru midomoni. Jua lilipoinama tulikuwa tunarundika mawe juu yake. Nikabaki na uongo wangu, mama akafa miaka mingi baadaye, sikumwambia.

Sasa naishi Kakuma na mjukuu wangu Akai, anayesoma darasa moja na watoto wa Sudani na wa Kongo. Mimi shule niliiacha mapema. Juzi alikuwa na kazi ya Kiingereza: aeleze maana ya soak up, yaani kufyonza, na atunge sentensi tano. Akanifundisha kama mwalimu. Kitambaa hufanya hivyo kwa maji, ardhi kwa mvua, na hata mtoto mwerevu kwa mafunzo. "Na wewe, Ata, umelifyonza jua miaka yote, ona hiyo ngozi." Ata ndiyo nyanya kwetu. Nikamwambia achunge ngozi yake, yangu imeshafanya kazi. Akasema amebakiza sentensi moja, nimpe.

Akaweka kalamu chini kuningoja. Kisha nikamwambia, "Andika kwamba mchanga haukufyonza maji. Yalinywewa na dada." Akauliza dada wa nani. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na sikupamba.

Akai hakulia. Akafikiri, akauliza, "Ata, ulipopanda, mdomo wako haukuwa na mchanga?"

Mlangoni petu kuna mtungi wa maji ya bomba, umejaa, na Akai huchota anapotaka bila kuuliza mtu. Nimeuona ukijaa miaka mingi na sijawahi kujiuliza swali hilo. Mama alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kuuona mchanga ule na kunipangusa. Hakunipangusa.