Dripu ya Bi Saikal

Burulcha alikuwa muuguzi katika hospitali ya wilaya huko milimani Naryn. Kiangazi kile cha ugonjwa mpya wa mapafu alilala akiwa ameketi. Kila mgonjwa alitundikiwa dripu asubuhi na jioni, hata anayekunywa chai mwenyewe. Ndivyo mwongozo ulivyosema.

"Daktari, mapafu yao yameshajaa maji," alisema. "Tunaongeza mengine ya nini?"

Daktari Temirbek alifikicha macho. "Hata mimi najiuliza, dada. Lakini nikiacha, jamaa zao watanitafuna mzima."

Wakakubaliana kuanza na Bi Saikal, ambaye kifua chake kilizidi kukoroma kila baada ya dripu. Walimwondolea dripu, wakamwachia oksijeni na chai yake.

Jamaa hawakuruhusiwa kuingia, wakawa wanachungulia dirishani. Binti wa Bi Saikal alipoona stendi ya dripu tupu kando ya kitanda, akaanza kuimba maombolezo, kama mabinti wanavyomlilia maiti.

"Mwambie sijafa," Bi Saikal alinong'ona. "Hayo maombolezo ayaweke akiba."

Burulcha hakuwa na nguvu ya kueleza. Alitundika chupa iliyojaa, akaufunga mrija, akaubandika mkononi mwa mgonjwa kwa plasta, bila sindano. Kilio kikakoma.

Kesho yake Bi Saikal alipumua vizuri kidogo. Huenda ilikuwa bahati tu. Daktari alisimama mlangoni akitazama vitanda vingine.

"Chupa zinatosha?"

"Za kutundika tu? Zinatosha," alijibu Burulcha, akaenda kutafuta plasta.