Jembe Lenye Tundu

Baba yangu alikuwa kantonye, mtunza barabara, na kwa kweli alitunza kitu kimoja tu: daraja la chuma la njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Lilijengwa zamani za ukoloni, na vyuma vyake vilibebwa kwa mabega ya babu zetu. Pande zote mbili zilikuwa pembetatu tupu, zimeshikana hadi ng'ambo kwa misumari minene iliyogongwa ingali myekundu kwa moto.

Baba alifagia udongo kwenye maungio ili maji yasilale humo. Rangi ilipoacha kuletwa, alipaka mawese. Watu walimcheka, eti analipikia daraja.

"Ile chuma munene iko inasukuma," alinifundisha. "Hii kidogo iko inavuta. Mwenye kuvuta hana lazima ya kunenepa, angalia kamba ya mbuzi."

Nilisikia, sikuamini. Kwetu sote chuma chembamba kilikuwa pambo. Miaka ya vita majembe yalipoadimika, watu walianza kukata yale mapande membamba, kila nyumba moja, wakampelekea mhunzi. Daraja halikuanguka, tukajiona wajanja. Nami nilikata langu. Mhunzi alinitolea jembe zuri, ila tundu la msumari lilibaki katikati.

Baba aliliona siku hiyohiyo. Akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hii iko ya tatu, upande wa Kasongo," akasema.

Basi. Hakunigombeza, na mpaka leo natamani angenigombeza. Alikula mihogo niliyoilima kwa jembe lile, lakini mawese hakupeleka tena darajani.

Mvua zilizofuata, lori la mchele lilifika katikati, daraja likapiga magoti. Watu walitoka wazima. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakarudi walikotoka. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliupanua, na kiangazi tukarudi kukata vyuma vilivyobaki majini.

Mwaka huu baba aliugua. Aliniomba jambo moja: nimzike ng'ambo ya mto, kijijini kwetu kwa asili, kando ya kaburi la mama. Nikamwahidi. Alikufa mto umefurika, na wenye mitumbwi walikataa kabisa kuingiza jeneza kwenye maji yanayobeba magogo. Tulikaa ukingoni siku mbili tukitazama maji. Siku ya tatu mwili haukuweza kungoja tena, na mzee mmoja wa ukoo akanishika bega.

"Mutoto yangu, tumuzike hapa. Tutafanya je?"

Majirani walileta majembe yao. Nilipoinama kuchimba niliyaona yote kwa pamoja, na karibu kila moja lilikuwa na tundu katikati. Daraja la baba lilikuwa pale karibu lote, mikononi mwetu, likimchimbia kaburi upande usio wake.