Malkia wa Kibaoni

Juzi binti yangu aliwasha televisheni, ikalia ngoma nzito ya ikulu ya Kikorea, na papo hapo nikasikia harufu ya petroli. Sebuleni kwangu hakuna petroli. Msinicheke, ngoma hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikilia kwenye banda la video la Kibaoni, Ifakara, miaka ya tisini, Jumapili baada ya misa, jenereta likinguruma nje nasi tumebanana kwenye mabenchi.

Mikanda ya tamthilia ile iliachwa na mgeni wa Kikorea aliyekuja kuchimba visima. Mtafsiri wetu, Kaka Deo, aliwahi kumbebea mabomba, na kwetu hiyo ilikuwa elimu tosha. Alisimama kando ya televisheni akiwasemea wahusika wote: mfalme kwa sauti nzito, malkia kwa sauti nyembamba. Mfalme alikuwa vitani, na malkia, nywele zimeviringwa kichwani kama ngata ya kubebea ndoo, alikuwa akimsubiri.

Wiki nzima ilikuwa kumjadili huyo malkia. Mama na wenzake walianika mpunga kwenye maturubai pale mashineni, wakifukuza kuku na kubishana. Aliyepaza sauti kuliko wote ni Mama Skola, jirani yetu, ambaye kila mavuno alikwenda Mngeta kununua mpunga.

“Malkia naye kazidi! Mume haonekani, yeye anapika tu. Si afunge safari akajionee?”

“Vita haviishi kwa siku moja,” mama alijibu, akigeuza mpunga kwa miguu. “Mfalme atarudi.”

“Haya, Mama Lena. Tusubiri.”

Wakacheka, na mama akacheka nao.

Baba yangu alikuwa dereva wa trekta hukohuko Mngeta. Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi. Baadaye zikaja salamu tu: trekta limeharibika, mvua imekata njia. Kila jioni mama alimpakulia wali kwenye sahani ya bati yenye maua, akaufunika. Ole wangu niuguse! Asubuhi aliula yeye mwenyewe, kiporo, kabla ya kwenda mashineni.

Jumapili ya mkanda wa mwisho nilimwona Mama Skola akimvuta Kaka Deo pembeni, mlangoni. Nilidhani anaomba benchi la mbele. Mkanda ukaanza, tukafika mahali ambapo mjakazi mzee anapiga magoti na malkia anaangua kilio. Kaka Deo safari hii hakubadilisha sauti.

“Mjakazi anasema, mfalme hayuko vitani. Ameoa. Amejenga kulekule, na mtoto ameshazaliwa. Watu wote wanajua isipokuwa wewe.”

Nikashangaa kuona wanawake hawaangalii televisheni, wanamwangalia mama. Mama akakaza khanga yake, akanishika mkono.

“Twende, Lena.”

Nilinuna njia nzima kwa kuwa sikuuona mwisho.

Nilikuwa nimeshavunja ungo ndipo nilipoelewa kwamba Mama Skola ndiye aliyempa Kaka Deo maneno yale, na kwamba wenzake walijua. Walikuwa wakiingia kwetu bila hodi, wanakula chakula chetu, na habari wanayo. Baadaye wakajitetea eti waliona aibu kumwambia. Aibu gani hiyo inayotaka umati? Wangeshindwa nini kumkalisha jikoni, wawili tu, wakamwambia? Wengine wameshafariki, nimewazika na kuwalilia, lakini sijawasamehe.

Na juzi, kwa tafsiri ya kweli, nilimwona mjakazi yuleyule akipiga magoti. Kumbe alileta habari kwamba mfalme ameuawa vitani, na neno lake la mwisho lilikuwa jina la mkewe. Nilizima televisheni, binti yangu akalalamika.

Jioni ya Jumapili ile ya mkanda wa mwisho, mama alipika kama kawaida. Akapakua kwenye sahani ya maua, akaishika kwa muda, halafu akaisukuma mbele yangu.

“Kula.”

“Si ya baba?”

“Kula, mwanangu, utapoa.”

Nilikula, jamani, kwa furaha! Wali wa baba, wa moto, wangu peke yangu. Nikaramba vidole, nikamuuliza kama kesho atanipa tena.

“Kila siku,” mama akasema.