Upindo wa Gauni Jeupe

Fundi cherehani wa hapa Makambako huzungumza na pini mdomoni, kwa hiyo maneno yake hutoka yamebanwa. Humshonea mchungaji kanzu, huwashonea vijana wa TANU mashati ya kijani, wala hamwamini yeyote kati yao. "Huyu ananiambia nisubiri mbingu, yule nisubiri Uhuru," husema. "Na serikali inataka nipige kura tatu, ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika, halafu nisubiri tena." Magauni ya watoto huyaachia upindo mpana, maana mtoto hukua, na mwakani mama yake atarudi ili ufumuliwe.

Juzi Hulda, jirani yetu, alileta kitambaa cheupe. Binti yake mdogo alikuwa amefariki alfajiri, na mama alitaka azikwe na gauni jipya. Fundi alishona, akapiga pasi, akamkabidhi. Hulda aliligeuza gauni, akaushika upindo. Ulikuwa na upana wa vidole vinne.

"Huu wa nini, fundi?"

Fundi alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani. Zilipokwisha, mdomo ulibaki wazi.