Tindo Lililopikwa kwa Pupa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata ladha ya moshi wake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Majembe ya nje yalijaa madukani Majengo, yetu yakadoda, tukabaki kuwafulia wachimba visima matindo ya kupasulia mwamba. Nilikuwa mhunzi kijana, najiona nimeshahitimu.

Mzee Chibago, mwalimu wangu, alinionyesha namna ya kuikaza nondo laini ya tindo. Unaifukia katika unga wa mkaa ndani ya mkebe, unaziba kwa udongo, unachochea moto. Moto ukiwa hafifu, mkaa hauingii, tindo linapinda. Ukiwa wa kadiri, mkaa hupenya taratibu, ngozi ya chuma ikawa ngumu.

“Ukizidi,” alisema, “chuma hunywa mkaa hadi kilewe. Kinakuwa kigumu kama kioo, na kioo hakipigwi nyundo.”

Siku hiyo mzee alikwenda msibani Mvumi. Yona, mchimba kisima kutoka Chamwino, alikuwa akisubiri tindo. Kijijini kwao maji yalikuwa yamekauka. Nikavukuta moto kwa haraka hadi mkebe ukawa mweupe kwa joto. Pupa ni mwalimu mbaya, ila mwanafunzi wake hajui mpaka mtihani. Yona akalichukua tindo, akaondoka akinishukuru.

Kesho yake, mzee akiwa amerudi, kaka yake Yona akaja. Tindo lilikuwa limepasuka, kipande kikampiga Yona jichoni.

“Alipiga vibaya,” nikasema upesi.

Mzee Chibago akageuza vipande alivyoletewa. Palipovunjika palimetameta punje kubwa, kama chumvi ya mawe, alama ya moto uliozidi. “Hii ni nyundo yake au moto wako?”

Nikamwambia ni moto wangu.

“Basi kamwambie yeye, si mimi.”

Nilimkuta Yona hospitali, jicho limefungwa bandeji. “Shikamoo, kaka. Kosa ni langu. Nilizidisha moto.”

Akasema, “Tangu jana najilaumu. Nimemwambia mke wangu mkono wangu umezeeka, kazi hii niiache.”

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Jicho halikupona. Kisima chake nilishuka mimi kukimaliza, kwa matindo niliyoyapika polepole, Yona akinielekeza kutoka juu.

Mwanangu, usiharakishe moto. Kila kitu kina joto lake. Na ukikosea, maana utakosea, usimwache mwenzio ajilaumu kwa kosa unalolijua kuwa lako. Mungu akujalie mkono mtulivu, na ulimi usioogopa kusema: ni mimi.